Baba watoto anataka paa la kuficha, mimi naogopa gata la ndani

Shikamoo mzee wangu. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Baba watoto anafanya kazi Dar es Salaam, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Tunajenga Mwahako. Tumejinyima muda mrefu na sasa nyumba imefika kwenye lenta. Pesa anatuma yeye, lakini anayehesabu tofali, anayepokea saruji na anayebishana na mafundi ni mimi.

Ramani yetu ya mwanzo ilikuwa na paa la kawaida, bati linaonekana na upenu unazunguka nyumba. Hivi karibuni baba watoto alikuja na picha kwenye simu, nyumba nyeupe isiyoonyesha bati hata kidogo, ukuta umepanda juu na kunyooka pande zote. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya paa lingine. Shemeji yangu naye anamuunga mkono, anasema paa la upenu ni la kizamani.

Fundi wetu amesema hakuna tatizo. Nyumba ina mita 14 kwa 11. Mpango wake ni kupandisha kuta za parapeti, yaani kuta fupi za juu zinazoficha bati, pande zote nne, bati lishuke kutoka mbele na kutoka nyuma likutane katikati, na hapo katikati aweke gata moja la boksi, la bati bapa, lipite juu ya korido kwa urefu wote wa mita 14. Maji yatashuka kwa mabomba mawili ya inchi 2, moja kila mwisho, yakiwa yamezikwa ndani ya nguzo ili yasiharibu sura ya nyumba.

Mzee wangu, mimi si fundi, lakini roho haitulii. Masika iliyopita nyumba ya jirani tunayopanga karibu nayo, ya paa la namna hiyohiyo, dari la chumbani lilishuka usiku likiwa limejaa maji. Kitanda, godoro, nguo za watoto, vyote viliharibika. Bahati watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao. Asubuhi walipopanda juu wakakuta tundu la kutolea maji limezibwa na majani ya mwarobaini, mifupa na vipande vya waya vilivyoletwa na kunguru. Nilimweleza baba watoto, akanijibu, "Hilo ni kosa la fundi wao. Gata likijengwa vizuri halina shida, mbona Dar zimejaa?"

Mama mkwe anakaa Ngamiani kwenye nyumba ya zamani ya baba mkwe, yenye baraza na upenu mpana, na anasema kwake halijawahi kuvuja tone. Lakini nikimtaja yeye, baba watoto anakasirika zaidi.

Naomba unijibu kwa uwazi. Je, gata la ndani linafaa kwa nyumba ya kuishi watu wa kawaida kama sisi? Na kama halifai, nitamwambiaje mume wangu bila kuonekana mke anayepinga kila kitu? Fundi anataka jibu ili aagize mbao za kenchi, zile fremu zinazobeba bati.

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate, maana fundi wako anasubiri mbao. Mpango huo aliouleta, wa gata moja kupita katikati ya nyumba juu ya korido na kushusha maji kwa mabomba mawili ya inchi 2 yaliyozikwa kwenye nguzo, usijengwe. Ila picha ya baba watoto inaweza kujengwa, tena bila gata la ndani kabisa. Nitakueleza jinsi.

Gata la kawaida linaning'inia nje kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Likiziba, maji yanamwagika uani, yanachimba kidogo chini ya ukuta, na wewe unayaona kwa macho ukiwa umekaa barazani. Gata la boksi liko ndani ya kuta. Upande mmoja kuna parapeti, upande wa pili kuna bati, na kwenye mpango wa fundi wako pande zote mbili kuna bati. Likijaa, maji hayana njia ya kwenda nje. Yanapanda mpaka yapite mwisho wa bati, yanaingia juu ya dari, na unayajua yakishafika kitandani. Ndiyo maana kuziba kuleule kunakoleta matope kwa mmoja kunaleta hasara kwa mwingine. Jirani yako si lazima alipata fundi mbaya. Inawezekana fundi alifunga bati vizuri kabisa, lakini hakuyaachia maji njia ya pili, na hakuna mtu aliyepanda juu kusafisha.

Baba watoto ana sehemu ya ukweli, na ni vizuri umpe haki yake hapo. Magata haya yamejengwa duniani kote miaka mingi, kwenye maofisi, hospitali, maghala. Majengo hayo yana mtu wa kuyatunza na ngazi ya kupandia. Australia, ambako magata ya boksi yapo mpaka kwenye nyumba za kuishi, kanuni zao za mabomba hazimwachii fundi aamue kwa macho. Gata la nyumba lisipungue upana wa milimita 200, linyooke bila kona, liwe na mwinamo unaopimika, na kila penye tundu la kutolea maji pawe na njia ya dharura ya kuyatoa nje ya jengo tundu likiziba. Wamefika huko kwa sababu wanajua gata hili halisamehe. Sasa rudi kwa mafundi wetu uwaulize njia ya dharura iko wapi kwenye mchoro. Wengi watakutazama tu.

Tupige hesabu ya paa lenu, maana hesabu ndiyo itakayomsaidia baba watoto kuliko maneno yangu. Mita 14 kwa 11 ni mita za mraba 154. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Wewe ni mtu wa Tanga, unaijua mvua ya masika inayokuja na upepo wa kusi, ile inayofanya watu wasisikilizane chini ya bati. Ikishuka kwa nguvu ya milimita 100 kwa saa, robo saa tu imekuletea milimita 25. Zidisha kwa 154, unapata lita 3,850, yaani mapipa 19 ya lita 200, ndani ya dakika 15. Hayo yote fundi anataka yapite katikati ya nyumba yako na kuingia kwenye matundu mawili ambayo ngumi ya mtoto inayaziba. Bomba la inchi 4 lina tundu kubwa mara nne ya la inchi 2. Mimi kwa pwani yetu sishuki chini ya inchi 4, na napenda bomba moja kwa kila mita za mraba 50 za paa, ili moja likiziba mengine yabebe.

Kisha hilo la kuzika mabomba kwenye nguzo. Sura ya nyumba inapendeza, sikatai. Lakini kiungo kimoja cha plastiki kikiachia ndani ya zege, maji yatakuwa yanalowesha nondo kila masika na kila vuli bila mtu kujua, mpaka plasta ianze kuvimba na rangi kumenyuka. Ili ulitengeneze itabidi uchimbe nguzo inayobeba nyumba. Bomba likae nje ya ukuta, lipakwe rangi ya ukuta. Ukitembea hatua chache kutoka nyumbani hulioni tena.

Kuna mambo ya bati lenyewe ambayo wenzetu wa bara hawana presha nayo, sisi wa pwani tunayo. Mwahako si mbali na bahari, na hewa ya chumvi inakula zinki. Kwenye paa lenye mwinamo mvua inasafisha chumvi na kuiondoa. Ndani ya gata la boksi kunabaki tope la vumbi, majani na kinyesi cha ndege, tope hilo linashika unyevu na chumvi wiki nzima, na bati linaozea chini yake ukidhani ni zima. Mbaya zaidi ni chembe za chuma. Fundi akikata bati kwa grenda juu ya paa, cheche zile zinatua ndani ya gata, na misumari iliyokatwa na vipande vya waya wa kufungia vinabaki humohumo. Baada ya mvua chache utaona vidoa vyekundu vidogovidogo, na kila kidoa ni mwanzo wa tundu. Bati likatwe chini, kwa mkasi wa bati, na gata lifagiliwe siku hiyohiyo kabla fundi hajashuka.

Na hizi silikoni! Mwambie fundi afungue tyubu uinuse. Ikinuka siki kali, hiyo isiguse bati. Asidi inayotoka humo wakati inakauka inaanza kula zinki palepale kwenye kiungo ambacho unategemea kisivuje. Ipo silikoni isiyotoa harufu hiyo, imetengenezwa kwa ajili ya bati. Hata hivyo kiungo cha bati la gata kisiishie kwenye silikoni peke yake. Kipandane vizuri, kipigwe ribiti mistari miwili, na pale inapowezekana kilehemiwe. Sababu ni kwamba bati halitulii. Gata la chuma la mita 14 likipata jua la saa saba mchana, kisha mvua ya ghafla ikaliteremsha joto kwa digrii 40, linapungua urefu karibu milimita 7. Likibanwa ncha zote mbili kwenye ukuta, hizo milimita 7 zitajitafutia pa kutokea, na zitatokea kwenye kiungo.

Wako watakaokushauri uache bati, umwage gata la zege. Ni imara zaidi kwa kukanyagwa, lakini zege peke yake halizuii maji, na plasta yenye dawa ndani yake itapata nyufa nyembamba jua likiipiga. Zege linataka membreni ya lami, yaani utando wa kuzuia maji, ipandishwe ukutani pande zote mbili. Vigae ndio nisingekubali kabisa, maana maji yanapita kwenye fuga, ile mistari ya kati ya kigae na kigae, yanakaa chini ya kigae, na huwezi kuona pa kuziba.

Sasa njia ninayokupendekezea. Chukua ile picha ya baba watoto na mwulize picha hiyo imepigwa kutoka wapi. Kutoka mbele, bila shaka. Hakuna aliyepiga picha upande wa jikoni. Basi jengeni parapeti mbele na pembeni, pande tatu, na nyuma pabaki wazi. Bati lote liwe na mwinamo mmoja tu, lianzie juu mbele na kushuka kwenda nyuma, likatokeze nje ya ukuta wa nyuma kwa upenu, na huko lipokelewe na gata la kawaida la kuning'inia. Mtu anayepita barabarani ataona nyumba nyeupe iliyonyooka kama ya kwenye simu. Maji yote yataishia nje ya kuta. Siku gata likiziba, yatamwagika uani.

Mwinamo uwe angalau mita 1 kwa kila mita 10. Kwa upana wenu wa mita 11 bati litapanda kama mita 1.1 kutoka nyuma hadi mbele, kwa hiyo parapeti ya mbele ikiwa na mita 1.4 hivi juu ya usawa wa ukuta wa nyuma inalificha bati na kubaki na ziada. Kwa mwinamo mdogo namna hii usichukue bati la migongo midogo ya mviringo, linataka mwinamo mkali zaidi. Chukua la migongo mirefu ya pembe, la geji 28, si 30 ambalo ni jembamba zaidi, lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki chini ya rangi. Na agiza kila bati kipande kimoja kutoka juu hadi chini. Viwanda vinakata kwa urefu unaotaka, shida ni lori tu. Bati lisilo na kiungo katikati lina sehemu moja pungufu ya kuvuja.

Parapeti yenyewe isijengwe kwa tofali zilizopandishwa hivihivi. Ukuta wa mita 1.4 uliosimama juu peke yake unapigwa na upepo wa bahari, kwa hiyo nguzo ndogo za nondo zitoke kwenye mkanda wa juu, ule wa zege unaozunguka kuta, ziende mpaka kilele, na pale kileleni ufungwe mkanda mwingine mwembamba. Juu yake weka kofia ya zege iliyoinama kidogo kuelekea ndani, ili maji machafu yaangukie kwenye bati na si kwenye rangi nyeupe ya mbele. Nyumba nyingi zinazolalamikiwa gata, ukipanda ukachunguza unakuta ufa uko juu ya parapeti na gata halina kosa.

Mahali bati linapokutana na parapeti, mbele na pembeni, simama mwenyewe siku hiyo, mwalimu, hata kama itabidi uombe ruhusa shuleni. Fundi mvivu anapinda kipande cha bati, anakiegemeza ukutani, anapaka silikoni juu, anashuka. Mwaka mmoja silikoni imekauka na kuachia. Inavyotakiwa ni hivi: ukuta uchimbwe mfereji mwembamba kwa grenda, kina kama sentimita 2 na nusu, juu ya usawa wa bati kwa kiganja kizima, ukingo wa kile kipande uingizwe ndani ya mfereji huo, ubanwe, uzibwe, na ndipo plasta ije juu yake. Upande wa chini ulalie mgongo mzima wa bati. Ukiona kingo imeingia ndani ya ukuta kwa macho yako, lala usingizi.

Gata la nyuma la mita 14 lipewe mabomba matatu ya inchi 4, na mawili kati ya hayo yaelekezwe kwenye tanki. Kwa paa la ukubwa huo, mvua ya milimita 10 tu inakupa zaidi ya lita 1,500. Maji ya kufulia na kumwagilia utakuwa nayo bila bili, mradi mvua ya kwanza ya msimu uiache ipite na uchafu wake. Funika tanki. Mwaka 2019 homa ya dengue ilitusumbua sisi Tanga pamoja na Dar es Salaam, na mbu wake anazaliana kwenye maji masafi yaliyosimama karibu na watu. Gata lisilo na mwinamo ni sehemu anayoipenda, la ndani au la nje.

Inawezekana baba watoto akasema hapana, anataka pande zote nne zifichwe. Ni nyumba yake pia. Basi gata la boksi liende nyuma, kandokando ya ukuta wa nje, kamwe lisipite juu ya chumba. Liwe na upana wa sentimita 30 ili mtu aweze kuweka mguu ndani na kufagia bila kukanyaga bati. Liinamie sentimita moja kwa kila mita. Lianzie katikati juu, lishuke pande mbili, kila upande mita 7, hivyo ncha za chini zitakuwa na kina cha sentimita 7 zaidi. Chini yake pawe na mbao nzima za kulibeba, si papi (mbao nyembamba) zilizoachana, maana mtu atasimama humo. Na kila penye tundu la kutolea maji, parapeti itobolewe mdomo wa dharura, mpana wa kupitisha mikono miwili, usawa wake ukiwa juu kidogo ya maji ya kawaida lakini chini ya mwisho wa bati. Mdomo huo utokeze nje mahali unapoonekana ukiwa jikoni. Siku ukiona maji yanaruka kutoka hapo, ujue tundu la chini limeziba na mtu apande. Kabla dari halijafungwa, zibeni matundu, jazeni gata maji mpaka karibu na ule mdomo, muyaache usiku kucha na siku nzima. Fundi anayejiamini hatakataa kipimo hicho. Anayekataa, salio lake lisubiri.

Halafu pawe na mtu wa kupanda. Mara moja Februari kabla ya masika, mara moja Septemba kabla ya vuli, na tena baada ya upepo mkubwa wowote. Kunguru hawa weusi wa pwani hawachagui, mfupa wa samaki, waya, kifuniko cha chupa, vyote wanabeba. Wavu wa kikombe juu ya tundu unasaidia, lakini wavu wenyewe unaweza kuzibwa na majani ukageuka kizuizi. Mwulize baba watoto swali moja kwa upole: yeye akiwa Dar, nani atapanda? Shemeji akijitolea, hilo liandikwe na ngazi inunuliwe kabisa pamoja na bati.

Kuna jambo hukuliuliza nami nitaligusa kwa ufupi. Paa la kuficha linaondoa upenu. Ule upenu wa nyumba ya mama mkwe, na wa nyumba nyingi za Ngamiani na za mjini kule zilizojengwa zamani, ulikuwa unakinga madirisha na ukuta kwa mvua ya kusi na jua la mchana. Ukiuondoa, kila dirisha lijengewe kikofia cha zege juu yake, angalau sentimita 45, chenye mchirizi chini ili maji yasirudi ukutani. Acha pia matundu ya hewa yenye wavu kwenye parapeti za pembeni, la sivyo joto la bati litabaki juu ya dari na feni zako zitazungusha hewa ya moto usiku kucha.

Kuhusu kuzungumza naye. Usimtaje mama mkwe kabisa, na wala usimtaje jirani tena, kwa sababu kwa jirani ameshapata jibu lake. Usilianzishe jambo hili mbele ya fundi wala mbele ya shemeji yako, mwanamume akishasimama na neno mbele za watu ni shida kulirudisha. Akija mwisho wa mwezi, mkiwa wawili, mwambie picha uliipenda na unataka nyumba ifanane nayo, kisha mwonyeshe mchoro wa mwinamo mmoja na ile hesabu ya mapipa 19. Ukisema "nimepata njia ya kuijenga picha yako isivuje", hapo hujapinga kitu. Umemletea kazi iliyokamilika. Mtu aliyeko mbali na ujenzi mara nyingi anashikilia sura ya nje kwa sababu ndiyo pekee anayoweza kuiona kwenye simu. Wewe unayepokea saruji unaona mengine, naye anahitaji kuonyeshwa bila kuambiwa hajui.

Jirani yako naye, na yeyote anayesoma hapa akiwa na dari linalovimba, ajue hatua ya kwanza si ndoo. Zima swichi kuu ya umeme, maana maji yanafuata waya mpaka kwenye taa. Toa watoto chumbani. Kisha weka ndoo, toboa uvimbe kwa kijiti ukiwa umesimama pembeni, maji yashuke kidogokidogo kabla jipsamu yote haijaachia.

Fundi mwambie mbao asiagize. Kenchi za mwinamo mmoja si zile za mwinamo wa katikati, na zikishakatwa mbao hazirudi kuwa ndefu. Aliyechora ramani aibadilishe kwenye karatasi, maana mabadiliko ya paa yanatakiwa yaonekane kwenye mchoro uliopelekwa Jiji kwa ajili ya kibali, na fundi apewe nakala yenye vipimo: urefu wa parapeti, mwinamo, mahali mabomba yanaposhuka. Ukishaipata, nitumie vipimo hivyo kabla hamjamwaga zege la mkanda wa juu, nami nitavipitia mstari kwa mstari.